Je, wajua kwa nini kompyuta hulia "tiit" inapogoma kuwaka?

Umebonyeza kitufe. Taa imewaka, feni zinavuma, lakini skrini ni nyeusi tii. Kisha kutoka ndani ya kasha inasikika: tiit, tiit, tiit. Wengi huzima na kuwasha tena, na wapo wanaolipiga kasha makofi kama redio ya zamani. Kumbe mashine imeshataja inapoumwa.

Ukiwasha kompyuta ya mezani, pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia umeme, hujipima kwanza. Ikiridhika, hupeleka ishara kwa mazabodi, lile bodi kubwa linalounganisha viungo vyote, kwamba umeme umetulia. Hadi hapo prosesa, ubongo wa kompyuta, imezuiwa isifanye lolote. Ikiachiwa, prosesa husoma maagizo ya BIOS, programu ya kuamshia kompyuta, yaliyomo kwenye chipu ndogo, na maagizo hayo huanza kukagua viungo: prosesa yenyewe, RAM (kumbukumbu ya muda), kadi ya picha inayoipa skrini picha. Windows bado haijaguswa kabisa. Skrini nayo hupata uhai kadi ya picha ikishaamka, kwa hiyo hitilafu ikitokea kabla ya hapo, kompyuta haina pa kuandikia. Inabaki na spika moja ndogo. IBM waliutumia mtindo huu kwenye PC yao ya kwanza mwaka 1981: mlio mmoja mfupi ulimaanisha mambo ni shwari.

Shida ni kwamba lugha hiyo ina lahaja, kwani kila mtengenezaji wa BIOS ana milio yake. BIOS ya AMI ikilia mara tatu, inalalamikia RAM. Kwa BIOS ya Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi ni kadi ya picha. Kompyuta nyingi za HP za miaka ya nyuma hulia mara tano huku taa nyekundu ikimeta, nayo ni RAM tena. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, hesabu milio, tofautisha mirefu na mifupi, uandike. Kisha tafuta maana yake kwa jina la mazabodi yako.

RAM ndiyo ninayoanza kuishuku. Meno yake, yaani ukingo unaochomekwa kwenye mazabodi, hushika vumbi na kutu nyepesi, hasa kwetu pwani, na hulegea kompyuta inapohamishwa kwa bodaboda. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde chache umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha, ndipo uvitoe vijiti vya RAM. Sugua meno taratibu kwa ufutio laini wa penseli, pangusa mabaki, urudishe kijiti hadi vibanio vilie "tak". Kama viko viwili, jaribu kimoja kimoja, na ubadilishe sloti pia.

Na ikiwa kimya kabisa? Mafundi wana ujanja ninaoupenda sana: toa RAM yote, kisha washa. Ikianza kulia, furahi! Mazabodi na prosesa viko hai, maana vimegundua kwamba RAM haipo. Ikiendelea kunyamaza, usikimbilie kutangaza msiba, kwani mashine nyingi za siku hizi huuzwa bila spika hiyo. Tazama kwenye mazabodi kama kuna vitaa vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kinachobaki kinawaka ndicho kinachotaja mgonjwa. (DRAM ni RAM, VGA ni kadi ya picha, BOOT ni diski ya kuwashia. CPU hapo ni prosesa, kipande kidogo kama biskuti. Kasha zima tunaloliita CPU mtaani limepewa jina la mwanawe.)

Feni zisipozunguka kabisa, anza na soketi ya ukutani na swichi ya nyuma ya pawa saplai. Mtumba wa kutoka Marekani huenda ukawa na kiswichi cha 115 na 230. Hakikisha kiko 230 kabla ya kuchomeka, la sivyo utasikia mlio wa aina nyingine, na moshi juu yake.

Wakati mwingine kompyuta huwaka, lakini husimama kwenye maandishi meupe ikidai saa haijawekwa. Hapo tazama betri bapa kama sarafu, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa umeme ukikatika. Ikichoka, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na hata ukifanikiwa kuingia, tovuti nyingi zitakataa kufunguka: vyeti vyake vya usalama vina tarehe, na kwa kalenda ya kompyuta yako bado havijatolewa.