Je, wajua kwa nini makochi ya siku hizi yana miguu myembamba iliyotanuka?

Ukiingia nyumba mpya saivi, iwe Shangani hapa Mtwara au Lindi mjini, au hata ukiperuzi tu picha za fenicha kwenye simu, lazima ukutane na lile kochi la miguu ya mbao, juu nene chini imechongoka, imetanuka kwa nje, mito imewekwa tu juu ya fremu na mbao imeachwa na rangi yake ya asili. Watu wanaliita kochi la kisasa lakini staili yenyewe ina miaka 70 na zaidi, ni ya baada ya Vita Kuu ya Pili mpaka miaka ya 60 huko, na ilikolea sana Marekani na Denmark.

Sasa kwa nini miguu iwe vile? Mtu akikaa halafu akajisukuma nyuma, nguvu inayotaka kuuvunja mguu inapiga zaidi juu, pale unapoungana na fremu, huku chini unabeba uzito tu. Ndo maana juu mbao inaachwa nene na chini inapunguzwa, kiti kinakuwa chepesi na hujapoteza uimara wowote wa maana. Na kule kutanuka kwa nje ni ili nyayo zikae mbalimbali, kiti kisipinduke kirahisi ukiegemea. Mimi hiki ndo kinanifurahisha kuliko vyote, kwamba ule mchongo tunaousifia kwa macho ulianza kama akili ya kazi.

Kingine ni nafasi. Baada ya vita watu wengi kule walikuwa wanahamia nyumba ndogo na fleti, makabati na makochi ya mababu yalikuwa hayaenei, kwa hiyo wabunifu wakainua fenicha juu ya sakafu, jicho likiona sakafu inaendelea mpaka ukutani chumba kinaonekana kikubwa. Vita yenyewe nayo iliacha ufundi mpya, Charles na Ray Eames wa Marekani mwaka 1942 walikuwa wanakunja plaiwudi kutengeneza vifaa vya kufungia miguu iliyovunjika ya wanajeshi wa majini, vita ilipoisha ufundi ule ule wakauhamishia kwenye viti, na kiti chao cha kupumzikia cha 1956 kinatengenezwa mpaka leo. Denmark naye Hans Wegner mwaka 1949 akabuni kiti chenye mgongo wa umbo la Y, pa kukalia pamesukwa kwa kamba ya karatasi kama mita 120 hivi kwa kiti kimoja. Sisi watu wa pwani tuliolalia vitanda vya kamba tunaelewa vizuri kwa nini alisuka, hewa inapita na mwili hauchemki.



Ila sababu kubwa ya mimi kuitetea staili hii huku kwetu ni hali ya hewa. Kochi kubwa lililojazwa sponji kila upande, limekaa mpaka chini, limevikwa ngozi ya bandia, kwa joto la Mtwara la Desemba unakaa dakika kumi mgongo umelowa, na chini yake mchanga na mende vimejificha huwezi hata kupitisha ufagio. La miguu mirefu unafagia, unadeki, na mchwa wakianza kupanda unawaona mapema. Mito inatoka, unaianika juani, unafua foronya, maisha yanaendelea.

Tatizo ni yale ya dukani yaliyoiga umbo tu, ndani ni mbao za unga zilizogandishwa kwa gundi, zikipata maji ya kudekia au unyevu wa masika zinavimba na skrubu inaachia, na mguu ulioinama ukilegea pale juu hauna msaada tena. Wakati huku kusini tuna mninga, mti unaosifika kwa kutosinyaa wala kupinda sana ukikauka, na mkongo ambao ni mgumu na mchwa hawaupendi.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi seremala na picha yako, muulize kwanza mbao imekauka kiasi gani, kisha mwambie mguu uingie ndani ya fremu kwa ulimi na tundu na gundi, asikupigie misumari tu, na mto usizidi unene unaohitaji kukalia. Mguu usitanuke kupita ukingo wa kochi, watoto watajikwaa kila siku.