"Huyo Haruhusiwi!": Dhana Potofu Kuhusu Marufuku Kwenye Gemu za Mapigano

Kwenye banda la PS nililokulia, Tandika, kulikuwa na kipande cha boksi juu ya runinga: EDI MARUFUKU. Hakuna aliyekumbuka nani alikiandika. Tekken 3 iliingia kwenye PlayStation mwaka 1998, na Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kapoeira, alikuwa adui wa kila aliyelipia mechi yake. Anayemchukua hahitaji kujua lolote. Anabonyeza X na duara kama anayesugua sufuria, na miguu inajirusha yenyewe.

Nilikitetea kile kipande cha boksi kwa miaka. Baadaye nikaanza kuandaa mashindano madogo ya mtaani, na hapo ndipo nilipong'amua kwamba mengi niliyoyaamini kuhusu marufuku yalikuwa hasira tu za mtu aliyetoka kupigwa. Nayasikia hadi leo kila nikiweka meza ya usajili.

Dhana: Mhusika akiwazidi wenzake nguvu, aondolewe

Kama kanuni ingekuwa hiyo, Marvel vs. Capcom 2 isingemaliza msimu. Gemu hiyo ya mwaka 2000 ina wahusika 56, lakini ukifika raundi za mwisho unakutana na sura zile zile: Magneto, Storm, Sentinel, Cable. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefungiwa, na ilichezwa EVO, shindano kubwa la Las Vegas, mpaka mwaka 2010. Sababu ni kwamba wale wakubwa wanabanana wao kwa wao, na mtu anaweza kutumia miaka kujifunza namna ya kuwapanga watatu watatu na bado akakutana na jipya. Wengine hamsini na kitu walibaki mapambo, sawa, inauma. Lakini mchezo ulikuwepo.

Aliyefungiwa kweli, na akabaki amefungiwa, ni Akuma wa Super Street Fighter II Turbo ya mwaka 1994. Wajapani humwita Gouki. Ni mhusika wa siri, hapatikani mpaka ufuate hatua fulani kwenye ukurasa wa kuchagua wapiganaji. Ili kuelewa kosa lake, anza na Ryu. Ryu akirusha mpira wa moto akiwa chini, mwili wake unaganda kidogo kabla hajaweza kufanya jambo lingine. Kuganda huko ndiyo bei ya moto: mpinzani akiruka mapema, anamkuta Ryu mikono ikiwa bado mbele na kumtandika. Mchezo mzima wa Street Fighter umejengwa juu ya bei hiyo.

Akuma halipi. Anaruka, anarusha moto kwa mshazari kutoka hewani, na anapotua wewe bado umejikunja unakinga. Kabla hujanyanyuka, mwingine unashuka. Ukisukumwa hadi ukingo wa skrini ndiyo basi, kwa maana wahusika wengi hawana pigo lolote la kuwatoa pale. Mbele ya hilo kuna njia mbili tu, nawe umchukue Akuma au ukubali kufungwa. Hapo gemu yenye wapiganaji kumi na saba inabaki na mmoja. Hata Capcom, watengenezaji wake, walipoifanyia gemu hiyo ukarabati mwaka 2008 na kumpunguza makali, waandaaji walimjaribu, wakamrudisha kifungoni.

Jambo ninalolipenda ni lililotokea kwenye gemu zilizofuata. Moto wa hewani haukuondolewa. Akuma alipewa uhai mdogo kuliko wenzake, akikosea mara mbili tatu amekwisha. Bei ilirudi, na leo anacheza kila mahali.

Dhana: Mbinu iliyotokana na kasoro ya programu ni wizi

Basi kombo zote, yaani mapigo yanayoungana mfululizo, ni wizi. Street Fighter II ilipokuwa ikitengenezwa, Noritaka Funamizu wa Capcom alikuwa akikagua hatua ya ziada, ile ya kuvunja gari, akaona kwamba kwa kubonyeza kwa wakati maalumu pigo la pili linaunganika na la kwanza. Ilionekana ngumu mno kwa mchezaji wa kawaida, wakaiacha humo. Gemu zote za aina hii zimesimama juu ya ajali hiyo.

Capcom vs. SNK 2 ya mwaka 2001 ina kasoro nyingine: ukianza kubiringika na kukatisha ndani ya fremu tatu za mwanzo kwa pigo maalumu, pigo hilo linabeba kinga ya mbiringiko. Unapita katikati ya moto bila kuungua. Fremu tatu ni sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Haikupigwa marufuku, wachezaji wakaenda nyumbani wakaifanyia mazoezi mpaka vidole vikaota sugu, na ikawa sehemu ya ufundi.

Sasa linganisha na Guile wa Street Fighter II ya kwanza kabisa, ya 1991. Kwa mfuatano fulani wa vitufe anamnasa mpinzani kana kwamba kamfunga pingu, na kuna mfuatano mwingine unaoigandisha mashine yenyewe mpaka izimwe na kuwashwa upya. Au Meta Knight wa Super Smash Bros. Brawl: ana pigo la kujifunika joho na kutoweka kwa muda mfupi, na wachezaji waligundua njia ya kubaki ametoweka muda wote anaotaka, haonekani wala hagusiki, huku saa inakimbia. Hizo zilikatazwa haraka na hakuna aliyezililia. Kosa lake si kwamba zilizaliwa kwenye kasoro. Zikitumika hakuna mechi tena, kuna mtu mmoja anayesubiri.

Dhana: Tatizo ni kurudia rudia pigo moja, kwa hiyo tukataze kurudia

Hii ndiyo iliyoniaibisha mimi mwenyewe, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kwenye shindano langu la pili niliandika kwa kalamu nene: *Pigo moja lisirudiwe zaidi ya mara tatu mfululizo.* Niliona nimemaliza maneno. Nusu fainali ya kwanza, dogo mwenye kofia anamchezesha Law wa Tekken, anampiga mwenzake teke la chini. Tena. Tena. Tena. Ukumbi ukalipuka. Nikasimamisha mechi.

"Kaka, hiyo ya kwanza haikumgusa," akasema dogo, kwa upole kabisa.

Ikamgusa au haikumgusa? Sikuwa nimeona, nilikuwa nahesabu hela za usajili. Mwenzake akasema alikinga la pili, sasa la kukingwa linahesabika? Kijana wa tatu akauliza je, ukipiga hatua moja nyuma katikati, bado ni mfululizo? Nikatoa uamuzi nisiokumbuka, na aliyeshindwa hakunisalimia mwezi mzima.

Waandaaji wa Brawl walipita njia hiyo hiyo kwa unadhifu zaidi. Meta Knight alikuwa na tabia ya kuning'inia ukingoni mwa uwanja, anajiachia, anajishika tena, hashikiki, mpaka muda unaisha akiwa mbele kwa alama chache. Huwezi kuandika "usikae ukingoni sana." Sana ni kiasi gani? Wakaweka idadi: mechi ikiisha kwa muda, aliyejishika ukingoni kupita kikomo kilichowekwa amepoteza. Ikasaidia kidogo. Lakini kanuni ya hesabu inamfundisha mtu kuhesabu, naye anakwenda mpaka moja kabla ya kikomo na kusimama hapo akicheka.

Kisa kirefu kuliko vyote ni cha Ice Climbers kwenye Super Smash Bros. Melee ya mwaka 2001. Hao ni wapanda mlima wawili wanaotembea pamoja, mchezaji anamwongoza mmoja na mwenzake anafuata. Wa mbele akimkamata mpinzani, anampiga vichwa vidogo vidogo, na wa nyuma akichomeka pigo lake katikati kwa mapigo sawa kama ya ngoma, aliyekamatwa hawezi kutoka. Asilimia za majeraha zinapanda, sitini, mia, mia mbili, na yeye ameweka padi mapajani anaangalia. Mbinu iliitwa *wobbling*, kutokana na jina la kuchezea la Robert Wright, Wobbles, aliyeieneza.

Watu hudhani ilikatazwa kwa sababu ilikuwa inashinda kila kitu. Haikuwa hivyo. EVO ya 2013 iliiruhusu, Wobbles akafika fainali, na akafungwa na Mang0. Waliotawala Melee mwaka hadi mwaka walikuwa wengine, akina Fox na Marth. Wakali walijua dawa: watenganishe wale wawili, usikamatwe. Baadhi ya mashindano yalijaribu kikomo, kwamba ukimfikisha mwenzio asilimia 300 lazima ummalize, la sivyo unapoteza muda makusudi. Mwishowe, kuanzia 2019, mashindano makubwa yakaanza kuikataza moja baada ya jingine.

Sababu zilizotolewa zilihusu mambo mawili ambayo wengi hawayaoni ni sababu halali: kwamba mchezaji wa kati, aliyesafiri na kulipa kiingilio, anaweza kutolewa na kitu kisichomfundisha chochote, na kwamba kutazama kunachosha. Mimi nilikuwa upande wa kuiruhusu. Bado naona "inachosha" ni hoja legelege, maana kuna watu wanachoshwa hata na Sagat wa Street Fighter akirusha moto kutoka mbali. Lakini nakiri jambo moja: hii ilikuwa inakatazika. Ina mwanzo, ina mdundo, refa anaiona akiwa mlangoni. Kanuni yangu ya mateke matatu haikuwa na hata kimoja cha hivyo.

Dhana: Wenye gemu ndio wanaoamua

Siku hizi ni nusu kweli. Mpiganaji Leroy Smith aliongezwa kwenye Tekken 7 Desemba 2019, na Januari 2020 hatua ya nane bora ya EVO Japan ilijaa Leroy mpaka watazamaji wakawa wanapotea. Mchezaji Book wa Thailand alichukua ubingwa na Leroy huyo huyo. Hakuna mwandaaji aliyehitaji kumfungia, watengenezaji, Bandai Namco, walimpunguza kwa masahihisho ya programu. Na Mortal Kombat 11 ilipotoka mwaka 2019, mashindano yalitumia seti za mapigo zilizopangwa tayari, hivyo mapigo mengi uliyoyafungua kwa jasho nyumbani yalikuwa hayana nafasi jukwaani. Hiyo nayo ni marufuku, ila haikuitwa hivyo.

Lakini Smash imejengwa na wachezaji wenyewe kwa miaka. Kuzima silaha zinazodondoka hovyo na kuchagua viwanja gani vitumike ni uamuzi wa waandaaji, siyo wa Nintendo. Na kampuni ikiacha kurekebisha gemu, inabaki mikononi mwa watu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Steve, yule wa Minecraft aliyeingia Super Smash Bros. Ultimate Oktoba 2020. Masahihisho ya mwisho ya kusawazisha nguvu za wahusika yalikuja mwaka 2021. Mwaka 2023 ikaonekana mbinu iliyomwezesha kuponyoka mapigo ambayo mwingine yeyote angeyala, na hapakuwa na fundi wa kupigiwa simu. Mashindano kadhaa ya maeneo yakamfungia. Mengi ya yale makubwa hayakumfungia.

Dhana: Wajapani hawafungii, wanafanya mazoezi tu

Kwenye Super Street Fighter II Turbo hiyo hiyo, unaweza kumchukua Sagat wa toleo la zamani, ambaye akirusha moto anaganda muda mfupi kuliko Sagat mpya. Marekani anaruhusiwa. Japani nako hakuna karatasi inayomkataza, ila wachezaji wenyewe kwa wenyewe walizoea kutomchukua. Ni kama mzee wa baraza anayeweza kukaa kiti chochote lakini kipo kimoja hakigusi.

Dhana: Ikishafungiwa, mjadala umekwisha

Mwishoni mwa 2011 kamati iliyojaribu kuunganisha kanuni za Brawl Marekani ilitangaza kumfungia Meta Knight, ianze Januari 2012. Januari hiyo hiyo, shindano la Apex 2012 kule New Jersey likamruhusu, na mchezaji Otori akatoka Japani na kutwaa ubingwa naye. Kamati yenyewe haikudumu, na marufuku ikafifia nayo.

Kuhusu Edi: nilimwondolea kifungo. Anapojilaza chini kwenye ule mkao wake hawezi kukinga, na ukijifunza kungoja badala ya kupaniki unamwokota kama embe. Vijana walilalamika wiki mbili, wa tatu wakaanza kumpiga. Kipande cha boksi bado kipo juu ya runinga, tulikigeuza tu. Upande wa pili umeandikwa GON HARUHUSIWI. Yule dinosaria mdogo wa Tekken 3 ni mfupi kiasi kwamba ngumi za usoni zinampita juu. Kila mtu anamjua akichaguliwa, hata mama wa duka la jirani.

Hilo halijawahi kupingwa na mtu.