Askari Akiitwa Ofisini: Utetezi Huanza Kabla ya Mashtaka

Kazi yangu ni kuwatetea wanajeshi wa Marekani wanaotuhumiwa makosa ya jinai chini ya sheria ya kijeshi, na miongoni mwa wateja wangu wamo vijana waliozaliwa Kenya, Tanzania na Kongo, ambao waliingia jeshini wakiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu na kupata uraia wakiwa tayari wamevaa sare. Nawaandikia wao, pamoja na wazazi na ndugu zao ambao hupigiwa simu usiku na kuambiwa kwamba kijana yuko matatani. Nimeona kesi nyingi ambazo mwelekeo wake uliamuliwa na maneno aliyoyatamka askari kabla hajaonana na wakili, mara nyingine wiki kadhaa kabla ya shtaka lolote kuandikwa.

Sheria yenyewe imetambua hatari hiyo kwa muda mrefu. Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1950 kanuni ya pamoja ya sheria za kijeshi, inayojulikana kwa kifupi kama UCMJ, na Kifungu chake cha 31 kinamtaka anayemhoji askari anayeshukiwa kosa amweleze kwanza kosa analoshukiwa, amjulishe kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba atakalosema laweza kutumika dhidi yake. Raia wa kawaida walisubiri hadi 1966, katika kesi ya Miranda, kupata kinga inayofanana na hiyo, na hata leo kinga yao huanza pale tu wanapohojiwa wakiwa wamezuiliwa. Askari analindwa hata akiwa amesimama ofisini kwa sajini wake na mlango uko wazi, mradi anayeuliza anafanya hivyo kwa ajili ya upelelezi au nidhamu. Msingi wa tofauti hiyo ni kwamba cheo peke yake kinatosha kumlazimisha mtu kujibu.

Kwa vijana wetu shinikizo hilo ni kubwa zaidi. Tumelelewa kumjibu mkubwa anapouliza, na kunyamaza mbele yake huhesabiwa kuwa kiburi au kukiri kosa. Kijana wa namna hiyo akiwekewa mezani fomu DA 3881, ambayo inaorodhesha haki zake na kumwuliza kama yuko tayari kuziachia, huisaini kwa adabu ileile aliyotumia kumwitikia baba yake. Nawasihi wateja wangu waelewe kwamba heshima na ukimya vinaweza kwenda pamoja: simama wima, mwite afande kwa cheo chake, kisha useme wazi kwamba unataka wakili na hutajibu maswali kabla ya kuonana naye. Neno «wazi» ni la lazima. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya baharia mmoja, Davis, ambaye wapelelezi walipokuwa wakimhoji alisema kwamba labda azungumze na wakili. Mahakama ilishikilia kuwa kauli yenye «labda» haiwalazimu wapelelezi kuacha kuuliza, na maneno aliyoendelea kuyasema yakabaki kuwa ushahidi.

Kuna kosa jingine linalozaliwa ndani ya chumba cha mahojiano chenyewe. Kunyamaza si kosa, lakini kumdanganya mpelelezi ni kosa kamili chini ya Kifungu cha 107, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka mitano. Nimeshuhudia tuhuma ya awali ikikosa ushahidi na kufifia, huku uongo uliosemwa kwa hofu ukibaki kuwa shtaka pekee lenye nguvu. Simu ya mkononi nayo inahitaji uangalifu huohuo. Wapelelezi wakikuomba ruhusa ya kuipekua, una haki ya kukataa, na wakiwa na kibali cha upekuzi watafanya kazi yao bila msaada wako. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Majeshi iliamua kwamba wapelelezi walimkosea sajini mmoja walipomtaka aweke namba ya siri ya simu yake baada ya yeye kuomba wakili. Hata hivyo kinga hiyo haifuti ujumbe wa WhatsApp uliokwisha mtumia binamu ukimweleza kisa chote, kwa hiyo usimweleze yeyote isipokuwa wakili, wala usifute chochote, kwa sababu kufuta ushahidi ni kosa jingine linalojitegemea.

Wakili wa kijeshi hutolewa bure, bila kuulizwa kipato. Katika Jeshi la Nchi Kavu mawakili hao wamo katika idara ya utetezi ambayo askari huiita TDS, na hawako chini ya kamanda anayekutuhumu: hawaandikiwi tathmini naye wala hawapokei amri zake. Familia nyingi huanza harambee au kuuza kiwanja ili kumlipa wakili wa kiraia kabla kijana hajafika hata mara moja kwenye ofisi hiyo. Mimi ni wakili wa kiraia ninayelipwa, na bado nasema nendeni TDS kwanza. Wakili wa nje ana faida yake, hasa pale upelelezi unapochukua miezi mingi na wakili wa kijeshi akahamishwa kituo katikati ya kesi, lakini siku za kwanza zinahitaji wakili aliye karibu kuliko wakili wa gharama.

Kuna tuhuma mbili ambazo huwakuta watu wetu kuliko nyingine ninazozishughulikia. Ya kwanza ni posho ya nyumba. Kiasi chake hutegemea mahali na kama askari ana wanaomtegemea, na kijana mwenye mke Nairobi akijaza kwamba mke anaishi New York, au akiendelea kupokea kiwango cha wenye ndoa baada ya talaka, anaweza kushtakiwa kwa wizi na kwa kutoa taarifa ya uongo kwa pamoja. Utetezi hapa husimama juu ya nia. Ndoa ya kimila, talaka iliyotolewa kwa maneno mbele ya wazee, makaratasi yaliyochelewa ubalozini: haya ni mambo ambayo mwendesha mashtaka aliyekulia Texas hayaelewi mpaka aelezwe kwa mashahidi na nyaraka, na yakielezwa vizuri, kosa la wizi laweza kuonekana kuwa kosa la ujazaji wa fomu.

Ya pili ni utoro unaotokana na msiba. Askari hupewa likizo ya dharura, baada ya kifo kuthibitishwa kupitia Msalaba Mwekundu wa Marekani, akaenda kuzika, kisha wazee wakamwambia kwamba mtoto wa kwanza haondoki kabla ya arobaini. Akipitisha siku 30 bila ruhusa, kosa chini ya Kifungu cha 86 linapanda uzito: kifungo chaweza kufika mwaka mmoja, na anaweza kufukuzwa kwa fedheha. Sheria inamsamehe aliyeshindwa kurudi kwa sababu isiyotokana na kosa lake, kama ugonjwa wa ghafla, lakini haimsamehi aliyechagua kubaki, hata kama uchaguzi huo ulikuwa wa heshima kwa marehemu. Piga simu kikosini kabla likizo haijaisha, omba iongezwe, na hifadhi ujumbe wa kuomba na wa majibu.

Si kila tuhuma hufika mahakamani. Kamanda anaweza kutoa adhabu ya ofisini chini ya Kifungu cha 15, ambayo si hukumu ya jinai, na askari asiyekuwa kwenye meli ana haki ya kuikataa na kudai kesi mahakamani. Kuikataa ni uamuzi mzito, kwani mahakamani upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha bila shaka ya msingi, lakini askari akishindwa anatoka na rekodi ya jinai. Katika mahakama kuu ya kijeshi jopo lina wajumbe 8, na robo tatu yao, yaani 6, wanatosha kukutia hatiani. Mahakama za kiraia za Marekani haziruhusu hilo tangu mwaka 2020, na naliona kuwa dosari kubwa ya haki. Askari asiye afisa anaweza kudai angalau theluthi moja ya jopo wawe askari wasio maafisa, au akachagua kuhukumiwa na jaji peke yake.

Hatari inayosahaulika kuliko zote ni kuachishwa jeshi kwa utaratibu wa kiutawala, bila kesi. Kamanda huleta barua, na askari aliyechoka huisaini akifurahi kwamba hataenda jela. Kwa aliyepata uraia kupitia jeshi, vifungu vya 328 na 329 vya sheria ya uhamiaji vinaruhusu uraia huo kufutwa akiachishwa kwa hali isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima. Anayekabiliwa na kuachishwa kwa hali mbaya ana haki ya kusikilizwa na baraza la maafisa akiwa na wakili, na barua hiyo mara nyingi humwomba aiachie haki hiyo kwa sahihi moja. Aipeleke TDS siku hiyohiyo bila kuisaini, pamoja na cheti cha uraia na tarehe aliyoanza utumishi, ili wakili ahesabu kwanza ni miezi mingapi imebaki kufika miaka mitano.