Je, wajua kwa nini mshahara uleule hautoshi tena wazazi wakiachana?

Wazazi walikuwa wanaishi pamoja, mtoto anakula, anasoma, anavaa, na mwisho wa mwezi panabaki hata kidogo cha kutuma kijijini. Wanaachana. Hakuna aliyefukuzwa kazi, mtoto ni yuleyule, tumbo lake ni lilelile, lakini ghafla hela haitoshi, mama analalamika kinacholetwa ni kidogo, baba analalamika anakamuliwa. Nilikuwa naamini kwamba mmoja wao lazima anadanganya. Kwa miaka mingi niliamini hivyo kabisa, na nilishawahi kumwambia dada yangu mkubwa usoni.

Dada na shemeji walipotengana waliniita nisaidie hesabu. Nikasema hii rahisi, jumlisheni gharama zote za mtoto halafu gawanyeni kwa mbili, mtoto ni wa wote wawili kwa hiyo nusu kwa nusu, haki imepatikana. Nilikuwa na uhakika sana. Na naona watu wengi bado wanasema hivi, hasa siku hizi ambapo mama naye anafanya kazi, mtu anauliza "si ana mshahara wake? Basi atoe nusu". Kwa hiyo niikae hapa kidogo maana ndipo nilipokosea.

Tuseme baba anapokea laki tisa kwa mwezi na mama laki tatu. Mtoto anagharimu 240,000, yaani chakula chake, ada na michango ya shule, nauli, dawa, daftari, na kile kipande chake cha kodi ya nyumba. Ukigawa nusu kila mmoja anatoa 120,000. Baba hapo katoa asilimia 13 hivi ya mshahara wake, mama katoa asilimia 40. Namba ni moja, mzigo sio mmoja. Ni kama mchango wa msiba mtaani ambao umepangwa elfu tano kila nyumba, kuna nyumba inatoa hiyo elfu tano na kusahau jioni hiyohiyo na kuna nyumba kesho yake wanaruka mlo, na daftari la michango linaonyesha wote wametoa sawa.

Sasa gawa kwa uwiano wa kipato. Kipato cha baba ni mara tatu ya cha mama, kwa hiyo baba 180,000 na mama 60,000, kila mmoja katoa asilimia 20 ya alichonacho. Na ile 60,000 ya mama huwezi kuiona ikitumwa popote, haina muamala kwenye simu, anaishi na mtoto kwa hiyo inatoka kidogokidogo kwa muuza duka. Hii nayo ni sehemu ya ugomvi. Anayetuma anaona kiasi kizima kinatoka siku moja, mlima mmoja. Anayepokea anaigawa kwa siku 30, 180,000 ni elfu sita kwa siku, na humo toa nauli ya shule, toa mboga, toa panadol usiku wa manane. Wanatazama hela ileile, mmoja kwa mwezi na mwingine kwa siku, na kila mmoja anashangaa mwenzake haoni.

Sheria ya Tanzania haisemi nusu kwa nusu popote. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 44, inaitaka mahakama iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, kama uwezo wa anayetakiwa kulipa umepungua, kama ana watoto wengine anaowatunza, gharama za maisha za pale mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Sheria ya Ndoa ya 1971 ndio imeenda tofauti zaidi, kifungu cha 129 kinaanza na baba, yeye ndiye mwenye wajibu wa kutunza watoto kulingana na uwezo na hadhi yake, mama wajibu unamfikia kama baba amekufa, hajulikani alipo au hawezi. Kwa hiyo ukimkuta mama amesimama kwenye ya 1971 na baba kwenye ya 2009, kila mmoja ana karatasi ya kweli mkononi. Kenya nako Katiba ya 2010, ibara ya 53, imesema wajibu wa baba na mama ni sawa wawe wameoana au la, na watu wengi wanalisoma hilo neno "sawa" kama nusu, lakini wajibu sawa na kiasi sawa ni vitu viwili.

Basi nikadhani uwiano umemaliza mambo. Haukumaliza. Dada alibaki analia hela haitoshi na shemeji naye anakopa, na wote niliwaamini, hapo ndipo nikaanza kutafuta hiyo hela imekwenda wapi.

Imekwenda kwenye nyumba ya pili.

Fikiria taa ya sebuleni. Wakiwa watatu inawamulikia watatu, na mmoja akihama taa haipungui theluthi, inaendelea kula umeme uleule, huku kule alikohamia imewashwa nyingine. Jiko hivyohivyo, maharage ya watu wawili na ya watu watatu yanachemka muda unaokaribiana, mtungi wa gesi haujui wamekaa wangapi mezani. Halafu kubwa lao ni kodi, maana nusu chumba hakipangishwi. Baba akiondoka anaenda kulipia mlango mzima, na wenye nyumba wengi wanataka miezi sita au mwaka kwa mkupuo, ananunua kitanda, sufuria, ndoo, feni, pasi, vitu vyote ambavyo tayari vipo kule alikotoka. Anayebaki naye anabeba peke yake kodi iliyokuwa inabebwa na mishahara miwili.

Kinachonifurahisha ni kwamba watu wamejaribu kulipima hili kwa namba. OECD, lile shirika la nchi tajiri, lina kipimo kinachotumika sana Ulaya kulinganisha nyumba kubwa na ndogo. Mtu mzima wa kwanza ndani ya nyumba anahesabiwa 1, kila mtu mzima anayeongezeka ni 0.5, na mtoto chini ya miaka 14 ni 0.3, kwa sababu wanaofuata wanakuta taa imeshawashwa. Baba, mama na mtoto chini ya paa moja ni 1.8. Watenganishe, mama na mtoto wanakuwa 1.3, baba peke yake anarudi kuwa 1, jumla 2.3. Watu ni walewale watatu! Ila ili kila mmoja aishi kama alivyokuwa anaishi inahitajika karibu asilimia 28 zaidi.

Hapa niwe muangalifu kidogo, kipimo hicho kimetengenezwa kwa nchi ambazo nyumba inakula sehemu kubwa sana ya kipato. Kwetu chakula ndio kinakula zaidi, na sahani ya ugali huwezi kuigawana kama taa. Kuna kipimo cha zamani zaidi cha OECD hiyohiyo, 0.7 kwa kila mtu mzima anayeongezeka na 0.5 kwa mtoto, ukikitumia unapata 2.2 ikipanda kuwa 2.5, ongezeko la asilimia 14 hivi. Na vyote viwili havimjui bibi. Mama akirudi kwao na mtoto, kodi inaondoka, bibi analea bure, hesabu inabadilika kabisa, japo jasho la bibi nalo ni gharama hata kama hakuna anayeiandika.

Rudi kwa mfano wetu wa laki tisa na laki tatu, jumla milioni moja na laki mbili, tuseme yote ilikuwa inaisha ndani ya nyumba. Shimo linalofunguka baada ya kutengana ni kati ya 160,000 na 330,000 hivi kila mwezi. Sasa angalia tofauti ya "nusu kwa nusu" na "kwa uwiano" tuliyoigombania pale juu, ilikuwa 60,000. Watu wanavunjiana heshima mbele ya afisa ustawi wa jamii kwa elfu sitini wakati kilichowaumiza wote wawili ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na hakimo mfukoni mwa yeyote. Mama akiona hela haionekani anahisi baba anaila huko na mwanamke mwingine, baba akiona anatuma na bado analaumiwa anahisi mama anajengea. Inawezekana kweli wapo wanaofanya hivyo, sisemi hawapo. Ila hata wawili waaminifu kabisa watajikuta kwenye shimo hilihili.

Halafu kuna kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto, kinachosema wazazi wakitengana mtoto ana haki ya matunzo na elimu ya ubora uleule aliokuwa akiupata kabla hawajatengana. Kisome pamoja na hesabu ya taa. Kama hela ni zilezile na nyumba ni mbili, kuna mtu lazima ashuke, na sheria imeshamtaja ambaye hatakiwi kushuka. Kwa hiyo wanashuka wazazi, wote wawili, chumba na sebule inakuwa chumba kimoja, bia zinapungua, saluni inapungua. Na kifungu hichohicho kimempa mtoto haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye, ni haki nyingine inayosimama peke yake, kwa hiyo ile ya "hanionyeshi mtoto basi situmi" inamkata mtoto mara mbili.

Wengine wanauliza si waweke tu kiwango kimoja tujue. Zipo nchi zimeweka. Uingereza wana asilimia 12 ya kipato kabla ya kukatwa kodi ya serikali kwa mtoto mmoja, 16 kwa wawili, 19 kwa watatu na kuendelea, kwa kipato cha kawaida, na kipato cha anayekaa na mtoto hakiangaliwi kabisa. Mtoto akilala kwa anayelipa usiku 52 kwa mwaka malipo yanapungua moja ya saba, akilala 51 hayapungui chochote, kwa hiyo usiku mmoja unakuwa na thamani ya ajabu na ugomvi unahamia kwenye kalenda.

Sisi tulishakuwa na namba pia. Sheria ya enzi za mkoloni iliyohusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Ilipotungwa ilikuwa hela. Lakini shilingi ikashuka, namba ikabaki pale kwenye karatasi, ikakaa hivyo mpaka ilipofutwa na hiyo Sheria ya Mtoto mwaka 2009, wakati ambapo shilingi 100 haimfikishi mtu mzima kituo cha pili kwa daladala.

Dada na shemeji sasa hivi wanaandika kwenye daftari moja. Shemeji analipa ada moja kwa moja shuleni na bima ya afya ya mtoto, inayobaki anatuma kila Ijumaa badala ya mwisho wa mwezi, dada ndiye aliyeomba iwe hivyo. Kiasi kwa mwezi hakikuongezeka hata mia. Januari mtoto anaingia darasa la tano, shule imeongeza michango, wamekubaliana wakae tena Desemba wapige hesabu upya na safari hii wameniambia nisije.