Kuunganisha RO ya jikoni na tangi la samaki maana yake nini

Saa tatu usiku niliweka kopo la nusu lita chini ya mrija wa bluu, ule wa maji safi, wa RO yangu: mashine ya kusafishia maji ya kunywa, niliyotaka ilishe na tangi la samaki. Alfajiri nilikuta halijajaa. Mashine ilikuwa mpya, vichujio vyake vipya, na kwenye boksi imeandikwa galoni 75 kwa siku, yaani lita 284 hivi. Nikamwita fundi aliyenifungia. Hakuigusa mashine kwanza. Alifungua bomba la sinki, akaziba mdomo wake kwa kidole gumba, maji yakatulia kimya kama yamekatazwa.

"Bosi, mashine nzima hii. Maji yako ndiyo hayana nguvu."

Ukimwelewa fundi hapo, umeshaielewa RO karibu yote. Wengi tunaiita mashine ya kuchuja maji, na jina hilo linapotosha kidogo. Chujio la chai linahitaji maji yaanguke tu, yatapita. RO haifanyi kazi kwa kuangusha maji, inayakamua, na kukamua kunataka nguvu.

Chukua kitunguu cha kachumbari. Ukikinyunyizia chumvi na kukiacha dakika chache, bakuli linajaa maji ambayo hukuyatia. Yametoka ndani ya kitunguu, yakapita kwenye utando wa seli zake kuifuata chumvi. Tabia hiyo ya maji kuhama kutoka palipo na chumvi kidogo kwenda palipo na chumvi nyingi, kupitia utando unaoruhusu maji na kuzuia chumvi, ndiyo osmosisi. Mfaransa Jean-Antoine Nollet aliiona mwaka 1748 akitumia kibofu cha nguruwe badala ya kitunguu. RO, yaani reverse osmosis, ni safari hiyohiyo ikirudishwa nyuma: unayasukuma maji yenye chumvi kwa nguvu kuliko ile inayoyavuta, nayo yanalazimika kupita upande wa pili na kuacha chumvi nyuma. Utando wa kwanza uliofaa kwa kazi hiyo ulitengenezwa na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan huko Los Angeles karibu na mwaka 1960, na shabaha yao ilikuwa maji ya bahari. Sisi wafugaji wa samaki wa mapambo tulidandia baadaye.

Sasa hesabu ya nyumbani kwangu. Maji kwenye tangi la mnara yako mita nne juu ya sinki. Kila mita kumi za kimo zinakupa psi 14 hivi (psi ni kipimo cha presha, ile nguvu ya maji), kwa hiyo mimi nilikuwa na psi 6 hata hazifiki. Maji ni ya kisima kirefu, na kipimo cha chumvichumvi, kile kikalamu cha TDS, kilisoma 500. Kwa makadirio ya mafundi, kila 100 za TDS zinakula psi moja ya nguvu yako kabla hata tone moja halijapita. Kwangu tano zinaondoka hapo. Ninabaki na kitu pungufu ya psi moja cha kukamulia maji, wakati utando wa kawaida wa nyumbani unataka walau 40, na zile galoni 75 za kwenye boksi zimepimwa kwenye 60 hivi. Ili nipate 40 kwa kimo peke yake, tangi lingebidi likae juu ya jengo la ghorofa tisa. Tiba yake ni busta pampu, ile ndogo ya adapta ya volti 24, inayofungwa kabla ya utando. Iwe na swichi ya kuizima maji yakikatika, maana kwa mgao wetu itajikuta inazunguka kavu wiki ya kwanza tu.

Maji yakishapata nguvu, yanapitia sponji ya kukamata mchanga na kutu, halafu kaboni, halafu utando. Kaboni wengi wanaidharau. Utando wa siku hizi unaharibiwa na klorini, na klorini hiyohiyo ndiyo inayounguza matamvua ya samaki na kuua bakteria wanaosafisha tangi lake. Kaboni ikizeeka, kipimo cha TDS hakitakwambia, kwa sababu kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme na si klorini. Badilisha kwa kalenda, au nunua dawa ya matone ya kupimia klorini.

Kutoka kwenye utando kuna njia mbili. Moja inatoa maji safi, nyingine inatoa maji yaliyobeba chumvi yote iliyokataliwa. Hii ya pili ina kidude kidogo ndani yake cha kuubana mtiririko. Kikidondoka au ukikitoa ukidhani ni uchafu, maji yote yatakimbilia huko na mrija wa maji safi utakauka, kwa sababu hakuna tena kinachoyakandamiza dhidi ya utando. Ukiuziba mrija huo kabisa kwa kuyahurumia maji, chumvi inarundikana ndani na utando unakufa mapema. Kwa kawaida lita moja safi inaambatana na tatu au nne za kumwaga. Ya kwangu yanaingia kwenye pipa la kufulia na kupigia deki. Bustanini siyapeleki, ni chumvi tupu.

Tukija kwenye kuunganisha kwenyewe, swali lote ni wapi pa kukata mrija na kuweka T, kiungio cha njia tatu. RO ya jikoni ina vitu viwili ambavyo samaki hawakuviomba: tangi la akiba lenye hewa ya presha ndani, na mwishoni katriji ya ladha, mara nyingi yenye madini ya kurudishia. Ukichukua maji kwenye koki ya kunywea, unapata maji yaliyokwisha kurudishiwa chokaa, na tangi la akiba nalo linausukuma utando kwa nyuma muda wote, kwa hiyo ubora unashuka. T ikae baada ya utando na valvu yake ya njia moja, kabla ya tangi la akiba. Hapo pana mtego niliouingia kichwakichwa: ukifungua mrija wa samaki, tangi la akiba linajimwaga kupitia T hiyohiyo. Mke wangu alikuta koki ya kunywea imekauka na wageni wako sebuleni. Weka valvu nyingine ya njia moja kati ya T na tangi la akiba, mshale wake ukielekea kwenye tangi, na kila upande uwe na koki yake.

Kwa wafugaji wa matumbawe na samaki wa baharini, upande wa samaki unaongezewa chupa ya DI, chembechembe za resini zinazonyakua chumvi iliyobaki hadi kipimo kisome sifuri. Ikae baada ya T, isiguse maji ya kunywa.

Mrija huo usiupeleke moja kwa moja ndani ya tangi la samaki, hata ukiona video ngapi. Upeleke kwenye pipa safi lenye koki ya boya. Pipa likijaa boya linafunga, presha inapanda kwenye mrija, na valvu ya kujizima ya mashine inakata maji yanayoingia. Bila boya mrija uko wazi, presha haipandi kamwe, na mashine haijui kwamba imetosha. Pipa likifurika unapiga deki. Tangi la samaki likifurika usiku unapiga deki na kuzika.

Pipa lina faida nyingine. Mashine ikiwa imesimama saa kadhaa, chumvi inajipenyeza polepole kwenye utando, hivyo maji ya dakika za kwanza huwa machafu kuliko yanayofuata. Yakiwa yanaenda kwenye pipa unaweza kuyamwaga hayo ya mwanzo. Halafu kuna suala la madini. Maji matupu ya RO hayafai peke yake kwa samaki wa maji baridi, yaani yasiyo ya bahari. Hayana cha kushikilia pH, kile kipimo cha uasidi, isiyumbe, na mwili wa samaki wenyewe unahitaji madini. Unayachanganya na ya bomba, au unatia chumvi maalumu ya madini, kisha ndipo unamimina. Kufidia maji yaliyokauka ni tofauti: kinachokauka ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo hapo unarudisha maji matupu. Anayefidia kwa maji ya kisima kila siku anapika chumvi polepole.

Na kuna watu hawahitaji mashine hii kabisa. Ukifuga mbuna wa Ziwa Nyasa au sikilidi wa Tanganyika, hao wanataka maji magumu yenye pH ya juu. Tanganyika inagonga 9. Wafugaji wa Ulaya wenye maji laini wananunua pakiti za chumvi kuiga maziwa yetu, na wewe unataka kulipia mashine ya kuiondoa? RO iwe ya mfugaji wa diskasi na neoni, samaki wa Amazon, wa matumbawe, au wa mwenye kisima kilichoharibika kama changu.

Baada ya pampu na T kukaa mahali pake, maji yalianza kutoka kwa mkondo mwembamba kama wa birika la kahawa. Kipimo kilisoma 41 kwa dakika nne za kwanza, kikashuka hadi 18. Kutoka 500 hadi 18 ni zaidi ya asilimia 96 iliyozuiwa, utando mzima kabisa, kama fundi alivyosema tangu mwanzo. Zile dakika nne nilizimwaga kwenye pipa la kufulia.