Barqa: Pale Mbingu Ilipotoboka

Wasomaji wa Injili wanamjua Simoni Mkirene, aliyeshurutishwa kuubeba msalaba. Kirene yake iko mashariki mwa Libya, katika eneo ambalo Waarabu huliita Barqa, na magofu yake yamesimama hadi leo kando ya mji wa Shahat. UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982.

Mji huo ulianzishwa na Wagiriki kutoka kisiwa cha Thera mnamo 631 KK. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba Walibya wenyewe ndio waliowapeleka hadi kwenye chemchemi, wakawaambia wakae hapo kwa sababu hapo mbingu imetoboka. Sijaona maelezo mazuri kuliko hayo ya hali ya hewa ya Barqa.

Kinachoitoboa mbingu ni mlima. Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani (Oman nako upo wenye jina hilohilo), unapanda ghafla kutoka baharini hadi karibu mita 880. Majira ya baridi, mawingu ya Mediterania hukutana nao, hupanda, hupoa, na mvua hushuka. Shahat hupata zaidi ya milimita 500 kwa mwaka, na mireteni na mizeituni hustawi. Ukivuka mgongo wa mlima kuelekea kusini, kijani kinakatika upesi. Mbele yako ni Sahara.

Mlima wenyewe ni wa mawe ya chokaa. Sehemu ya maji huzama kwenye nyufa na kutokea chini kama chemchemi. Mengine hukimbilia baharini kupitia makorongo ambayo kwa miezi mingi huwa makavu kabisa. Mji wa Derna umejengwa kwenye mdomo wa korongo mojawapo, juu ya udongo uliotandazwa na mafuriko ya zamani.

Septemba 10, 2023, dhoruba Daniel iliukuta mlima uleule. Mji wa Bayda ulipokea milimita 414 kwa siku moja. Usiku wa kuamkia tarehe 11, mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 katika korongo la Derna, upande wa juu wa mji, yalipasuka. Mitaa mizima ilisombwa hadi baharini, na maelfu ya watu wakafa wakiwa majumbani mwao. Mwaka mmoja tu kabla, mtaalamu wa maji wa Chuo Kikuu cha Omar al-Mukhtar alikuwa amechapisha utafiti akihimiza mabwawa hayo yakarabatiwe haraka.