Acheni kuizika dogwudi ikiwa hai

Jamani naomba leo tuongee kuhusu hicho kichuguu mnachojenga kwenye shina la dogwudi, huu mti mdogo wa maua wa bustanini. Mteja ananiita, mti umeanza kukauka matawi ya juu, anaanza kunihadithia dawa aliyopiga na mbolea aliyoweka, mi nainama tu chini kutafuta shina na silioni, limefukiwa na matandazo karibu usawa wa goti. Ukiuliza kwa nini, jibu ni lile lile, "si ndo mizizi ipate joto na mti usimame imara?"

Hapana bwana. Gome la shina si mzizi, kazi yake ni kukaa nje kwenye hewa, ukilifunika na kitu chenye unyevu miezi kwa miezi linalainika na kuoza. Na chakula kinachotengenezwa na majani kinashuka mizizini kwa kupitia humo humo chini ya gome, kwa hiyo gome likioza mizizi inashinda njaa, mizizi yenye njaa nayo haipandishi maji ya kutosha, ncha za juu zinaanza kukauka, na wewe unaona ni kiu unazidi kumwagilia lile lile rundo! Lifukue kwa mkono uone mwenyewe: gome limekuwa jeusi, ukilibonyeza na kidole gumba linabonyea, na pembeni kuna vijizizi vilivyoota ndani ya matandazo vikazunguka shina mpaka vinalikaba. Hapo sijataja panya wanaojificha humo wakati wa baridi na kutafuna gome.

Hii Cornus florida, ile ya maua meupe au ya pinki, kwao ni misitu ya mashariki mwa Amerika Kaskazini, inakaa chini ya miti mirefu, mizizi iko juu juu, na matandazo yake ni majani makavu yaliyosambaa tu. Basi iga hivyo hivyo. Sentimita 5 hadi 8 zinatosha, tandaza mpaka matawi yanapoishia, ila pembeni ya shina acha wazi upana wa kiganja. Wakati wa kupanda, shimo lisizidi kina cha bonge la mizizi, upana ndo uongeze mara mbili au tatu, na pale shina linapotanuka kuanza mizizi paonekane kwa macho. Mche wa kwenye kopo ukwangue udongo wa juu kwanza, maana huko kitaluni nako wanaizika, sijui nani aliwafundisha.

Haya, na mengine mnayoniambia, haraka haraka.

"Inataka jua la kutwa." Jua la asubuhi, mchana kivuli, hapo imeridhika. Jua kali siku nzima na udongo mkavu vinababua kingo za majani, kivuli kizito nacho kinakunyima maua na kukuletea ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kwenye majani.

"Inapenda majimaji, nimeziona kando ya mto." Uliziona zile za vichaka zenye fito nyekundu, Cornus sericea, hizo kweli zinavumilia. Ya mti ukiituamishia maji inakufa, inataka udongo wenye unyevu unaopitisha maji, wenye asidi kidogo, pH 5.5 hadi 6.5.

"Haitoi maua, niongeze mbolea." Naitrojeni nyingi itakupa majani tu. Na kama mti umeoteshwa kwa mbegu, miaka mitano hadi saba kabla ya ua la kwanza ni kawaida, vumilia. Halafu niambie ukweli, uliipogoa wakati wa baridi? Vile vifungo vya duara kwenye ncha za vijiti ndo maua ya msimu unaokuja, vinatengenezwa tangu kiangazi, umevikata mwenyewe. Pogoa maua yakishapita tu, na kidonda usikipake rangi wala lami.

"Madoa kwenye majani ni chule, kata mti." Taratibu. Chule ya kweli ni ugonjwa unaoletwa na kuvu anayeitwa Discula destructiva, alionekana Marekani miaka ya 1970 mwishoni na kaua dogwudi nyingi sana msituni, ila madoa mengine ni madogo tu ya msimu wa mvua. Chule huanzia matawi ya chini, vijiti vinakufa kurudi nyuma. Vikate, okota majani yaliyoanguka, mwagilia udongo usilowanishe majani, na miti mingi ya bustanini yenye hewa nzuri inapona. Anayepanda upya aangalie Cornus kousa ya Asia Mashariki, inahimili zaidi, inachanua wiki chache baadaye, au chotara za hizo mbili kama 'Stellar Pink'.

Na tafadhali hiyo mashine ya kukatia nyasi isiguse shina. Kipekecha shina, buu la nondo mmoja anayefanana na nyigu, anaingilia hapo hapo kwenye kidonda, na ukiona unga laini wa kahawia unadondoka kutoka kwenye gome ujue yumo ndani tayari. Ng'oa nyasi kuzunguka mti, weka matandazo, mashine haitakuwa na sababu ya kusogea hapo. Membamba lakini!